Je, Wajua? Mechi Mbili Ziliwahi Kutosha Kutwaa Dhahabu ya Olimpiki

Mwaka 1932, huko Los Angeles, India ilitwaa dhahabu ya mpira wa magongo kwa kucheza mechi mbili tu. Timu zilikuwa tatu: India, Japani na wenyeji Marekani. Japani ililala 11-1, kisha Marekani ikacharazwa mabao 24-1. Kati ya hayo 24, Roop Singh alifunga 10 na kaka yake, Dhyan Chand, 8. Marekani ilipoteza mechi zote mbili, lakini ikavishwa shaba kwa kuwa hapakuwa na timu ya nne.

Tusiwabeze Wahindi. Mwaka 1928, mjini Amsterdam, walishinda mechi tano bila nyavu zao kuguswa, na wangesumbua zama zozote. Ila ugumu wa taji haupimwi kwa ubora wa bingwa peke yake. Hupimwa pia kwa wingi wa wanaoweza kumfunga.

Moscow, 1980, nchi nyingi ziligoma. Wanawake wa Zimbabwe walialikwa zikiwa zimebaki wiki chache, wala hawakuwa wamewahi kucheza kwenye nyasi bandia. Walishinda mechi tatu, wakatoka sare mbili, wakaondoka na dhahabu. Nchi yao ilikuwa na uhuru wa miezi mitatu tu!

Nyasi hizo bandia, zilizoingia Olimpiki mwaka 1976 huko Montreal, zilipindua mchezo mzima. Kwenye nyasi za kawaida mpira hurukaruka, na mwenye ustadi wa kiganja ndiye anayetamba. Kwenye bandia mpira huteleza, na anayetakiwa ni mwenye mbio na pumzi. Uwanja wenyewe ni ghali mno. India ilimaliza ya saba mwaka huo. Kenya, iliyoshika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1971, haijarudi tena kwenye kilele kile.

Paris, 2024, timu zilikuwa 12 kila upande, na bingwa alicheza mechi nane ndani ya wiki mbili. Uholanzi ilishinda kwa wanaume na kwa wanawake, lakini fainali zote mbili ziliisha 1-1 na kuamuliwa kwa mikwaju, ambapo mshambuliaji ana sekunde nane tu za kumpita golikipa.

Kwangu mimi, kati ya dhahabu zote hizi, za Paris ndizo ngumu zaidi, na ile ya 1932 ndiyo nyepesi kuliko zote.