Rutuba Iliyolala Zizini

Mvua kubwa ikinyesha kwenye malisho yaliyobaki udongo mtupu, iwe Laikipia, Kajiado au Baringo, kuna jambo linalomshangaza kila asiyelizoea. Ardhi iliyokaa miezi mingi bila tone huyakataa maji. Yanateleza juu yake, yanageuka mekundu, yanaingia korongoni na kwenda zake. Kesho yake ukichimba kwa ncha ya kisu, chini ya kina cha kidole kimoja unakuta vumbi. Mvua imenyesha, ila nyasi hazikuipata.

Ndiyo maana kuulaumu ukame peke yake hakutoshi. Udongo wenye afya umejaa vitundu. Vinachimbwa na mizizi, mchwa na wadudu wengine, na havizibi kwa sababu mboji na nyuzi za kuvu huzishikanisha chembe za udongo zikawa vidonge vidogo. Nyasi zikiisha, tone la mvua linapiga vidonge hivyo moja kwa moja na kuvivunja. Chembe laini zinaziba vitundu, na jua likiwaka tabaka la juu linakauka na kuwa ukoko. Mara nyingi ukoko huo ni wa milimita chache tu, lakini unatosha kuyazuia maji yasishuke na chipukizi lisitoke. Mbegu ikianguka hapo, hupeperushwa na upepo au husombwa na maji yaleyale yaliyokataliwa. Kipara hicho cha ardhi kinajilinda kibaki kipara, na unaweza kukizungushia uzio ukangoja miaka bila kuona jani.

Jambo hili mtu anaweza kulipima mwenyewe. Chukua kopo la bati, likate kitako libaki wazi pande zote mbili, kisha lididimize ardhini kiasi cha nusu kidole. Mimina maji, uangalie yanachukua muda gani kuisha. Fanya hivyo kwenye kipara, halafu chini ya mgunga, halafu mahali palipokuwa na zizi zamani. Kwenye kipara utasubiri sana. Zizini maji yatakuacha umesimama na kopo tupu.

Na hilo zizi la zamani ndilo linalotupeleka kwenye ugunduzi wenyewe. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa kundi la wanasayansi wakiongozwa na Fiona Marshall, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani. Walichimba katika maeneo matano ya kale huko Narok, walikoishi wafugaji kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Leo ukifika hapo huoni ukuta wala nguzo. Unaona uwanja wa nyasi wenye umbo la yai, upana wake kama mita 100, hauna miti, ilhali vichaka vimeuzunguka pande zote. Viwanja vya namna hiyo vinaonekana hata kwenye picha za setilaiti.

Chini ya nyasi hizo walikuta tabaka la udongo laini kuliko ule unaolizunguka. Ni samadi iliyooza kwa karne nyingi. Walipoipima, fosforasi, kalsiamu na magnesiamu zilikuwa nyingi kuliko kwenye udongo wa nje ya uwanja. Ushahidi mwingine ulitoka kwenye naitrojeni, ambayo ina aina mbili, moja nzito kidogo kuliko nyingine. Kila mtu aliyewahi kuingia zizini alfajiri anaijua ile harufu ya mkojo inayochoma pua. Hiyo ni amonia inayopaa, na inapopaa huondoka zaidi na naitrojeni nyepesi, ile nzito ikabaki. Udongo wa viwanja vile ulikuwa na naitrojeni nzito kupita kiasi cha kawaida, alama kwamba mifugo ililala hapo usiku baada ya usiku.

Maelezo yake ni rahisi, na kila mchungaji atayatambua. Mchana kutwa ng'ombe, mbuzi na kondoo hutembea mbali wakila majani ya eneo kubwa. Usiku hurudi mahali pamoja, na sehemu kubwa ya kile walichokusanya huachwa pale. Boma likihamishwa, nyasi tamu huota juu ya samadi. Pundamilia na swala hufuata nyasi hizo, hasa majike wanaonyonyesha, kwa sababu wanahitaji madini yake, nao huacha samadi yao palepale. Hivyo rutuba imekuwa ikizunguka bila kuisha. Wenyeji wa boma wamesahaulika, lugha waliyoongea hatuijui, lakini wanyama wa Narok bado wanakula chakula ambacho ng'ombe wa watu hao walikiandaa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Narok haiko peke yake. Mwaka 1995 Robin Reid na James Ellis walionyesha kwamba kusini mwa Turkana miche ya migunga huota kwa wingi kwenye mazizi yaliyohamwa, kwa kuwa mbuzi hula maganda ya mgunga na kuziacha mbegu ndani ya samadi. Huko Mpala, Laikipia, David Augustine alipima udongo wa maboma yaliyoachwa miongo kadhaa nyuma, akakuta naitrojeni na fosforasi bado ziko juu.

Nadhani habari hii ingepaswa kusomwa kwa sauti katika kila ofisi inayoshughulikia malisho. Tangu enzi ya ukoloni, mfugaji wa Afrika Mashariki amekuwa akiambiwa kwamba ng'ombe wake ndio jangwa lenyewe. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya iliwachukulia Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu kwa hoja ya kuuokoa udongo, na maelfu ya watu wakatembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kudai mifugo yao. Hoja ya wakoloni ilikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyoleta madhara. Malisho hulika yakaisha, hilo halina ubishi. Mifugo ikikwama mahali pamoja msimu baada ya msimu, nyasi hazipati nafasi ya kujenga mizizi, na kipara huzaliwa. Lakini mifugo ileile ikihama, huacha nyuma yake udongo bora kuliko ilioukuta. Aliyehesabu idadi ya ng'ombe bila kuhesabu siku wanazokaa mahali pamoja alikosea hesabu yote.

Tayari baadhi ya ranchi za Laikipia hutumia zizi la kuhamishika, lenye vipande vya chuma vinavyofungwa na kufunguliwa. Watafiti Lauren Porensky na Kari Veblen walichunguza mazizi ya muda mfupi ya aina hiyo, wakaona kwamba si lazima boma likae miaka mingi ndipo liache rutuba. Hata zizi lililokaa kwa majuma machache tu linaweza kuanzisha uwanja wa nyasi bora.

Fikiria kinachotokea kwenye kipara ng'ombe wanapolala hapo kwa wiki moja hivi. Kwato zinauvunja ule ukoko kila jioni na kila alfajiri. Samadi na mkojo vinaingia kwenye nyufa, pamoja na mbegu zilizosafiri ndani ya matumbo ya mifugo. Zizi likiondolewa, mende wa samadi wanaanza kuzika vidonge vyao, na mchwa wanatoboa njia wakija kula mabaki. Watu wengi humwona mchwa kama adui, lakini kwenye nyika yeye ndiye anayefungua milango ya maji. Mvua inayofuata inakuta mahali pa kuingia. Mara nyingi magugu hutangulia, na mtu asiyejua hudhani kazi imeharibika. Asubiri tu. Nyasi za kudumu huja baada yake, mradi mifugo isirudishwe hapo mapema.

Mahali pengine samadi peke yake haifui dafu, kwa sababu hakuna mbegu iliyobaki karibu. Hapo lazima mbegu ipandwe, na iwe ya kwetu. Watafiti wa Kenya, akiwemo Kevin Mganga aliyefanya kazi Kibwezi, wameonyesha thamani ya nyasi ambazo Wakamba wanazijua kwa majina: mbeetwa, nguu na ndata kivumbu. Zimezoea kiangazi chetu na mifugo huzipenda. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zikifukiwa chini sana hazitoki. Zifunikwe kwa udongo mwembamba tu. Tena nyingi haziamki mara baada ya kuvunwa, zinahitaji kuhifadhiwa pakavu miezi kadhaa kwanza. Karibu na Amboseli vikundi vya wanawake hutunza mashamba ya mbegu za nyasi, na wafugaji huchimba mashimo ya nusu mwezi yanayoyashika maji yatelezayo. Ndani ya nusu mwezi ndimo nyasi huanzia.

Wapo wanaouliza kwa nini tusipande chochote kinachoota upesi. Jibu liko Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa mathenge uliletwa huko kuikomboa ardhi iliyochakaa. Ukaota kweli, ukasonga mbele, ukafunika malisho na kuziba njia. Maganda yake matamu yaliozesha meno ya mbuzi, na Wailchamus, wenyeji wa huko, walipokwenda mahakamani walimpeleka mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Kijani tu si uponyaji wa ardhi.

Kuna sharti moja ambalo sayansi yote hii inalitegemea, nalo halipimwi maabara: zizi linalohama linahitaji mahali pa kuhamia. Ranchi za vikundi zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1968 zimegawanywa kwa wingi vipandevipande, uzio baada ya uzio. Mwenye ekari chache hawezi kupumzisha hata robo yake, kwa hiyo ng'ombe hukaa palepale, na ukoko hurudi. Wamasai walikuwa na olopololi, eneo lililotengwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu wakati wa kiangazi. Wasukuma wana maeneo kama hayo, ngitili, na huko Shinyanga, Tanzania, kuanzia mwaka 1986, wananchi wakisaidiwa na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ngitili zilifufuliwa kutoka mamia ya hekta hadi zaidi ya hekta 300,000. Taratibu hizi zilifanya kazi kwa kuwa watu walikubaliana juu ya ardhi moja: nani aingie, lini, na kwa muda gani.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inawapa Wakenya nafasi ya kusajili ardhi yao kwa pamoja na kuipangia matumizi. Jamii ambazo hazijasajili zisingoje wanunuzi wafike. Kamati za malisho ziandike mpango wa kuhama, nazo serikali za kaunti ziheshimu njia za mifugo kabla ya kupitisha ramani ya viwanja. Nawe ndugu mfugaji, zizi lako likihama kabla ya mvua zijazo, lipeleke kwenye kipara, lilaze hapo siku chache, kisha uondoke na usirudi hapo mpaka nyasi zimwage mbegu.