Mamlaka ya Mahakama Katika Serikali ya Kongo na Nafasi ya Kiswahili

Katika nchi za shirikisho, mahakama kuu ndiyo huamua mipaka ya madaraka kati ya serikali ya taifa na majimbo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haijiiti shirikisho. Hata hivyo, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inagawa madaraka kati ya Kinshasa na majimbo, na mgawanyo huo wahitaji mwamuzi.

Mwamuzi huyo ni Mahakama ya Katiba, iliyoanza kazi mwaka 2015. Ina majaji 9: 3 huchaguliwa na Rais mwenyewe, 3 na Bunge, na 3 na Baraza Kuu la Mahakimu. Muhula wao ni miaka 9 na haurudiwi, ili jaji asiwe na cha kutarajia kwa aliyemteua. Mahakama hii huchunguza kama sheria zinapatana na Katiba, huifasiri Katiba, na husuluhisha migogoro ya madaraka baina ya Dola na majimbo. Hukumu zake hazikatiwi rufani.

Uzito wa kufasiri ulionekana tarehe 11 Mei 2016. Mahakama iliamua kuwa, kwa mujibu wa ibara ya 70, Rais aliyemaliza muhula hubaki kazini hadi mrithi aliyechaguliwa ashike madaraka. Muhula wa Rais Joseph Kabila ulikwisha Desemba 2016. Mrithi wake aliapishwa Januari 2019. Maana ya sentensi moja ilibeba miaka 2.

Mamlaka hayo si ya wakubwa peke yao. Ibara ya 162 yamruhusu mtu yeyote mwenye kesi kudai kuwa sheria inayotumiwa dhidi yake inakiuka Katiba. Hapo hakimu hana budi kusimamisha kesi na kulipeleka suala hilo kwenye Mahakama ya Katiba. Haki hiyo ni ya mkulima wa Sange, katika bonde la Ruzizi, sawa na ya waziri.

Lakini lugha rasmi ni Kifaransa, ilhali mkulima huyo huzungumza Kiswahili, mojawapo ya lugha 4 za taifa. Ibara ya 142 yaitaka Serikali isambaze sheria katika lugha hizo ndani ya siku 60. Ibara ya 18 yataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo kusanifu istilahi za sheria si pambo la wanaisimu: haki isiyo na jina katika lugha ya mtu ni vigumu kudaiwa.