Kemia na Maisha (Sehemu ya Pili): Hesabu ya Joto katika Chokaa

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwamba atomu hushikana kwa vifungo. Kuvunja kifungo hugharimu nishati. Kifungo kipya kinapofungwa, nishati hutolewa. Leo tuipime kanuni hiyo kwa chokaa, iliyojenga misikiti na majumba ya Kilwa, Gedi na Lamu.

Mawe ya matumbawe, kwa sehemu kubwa, ni kalisi kaboneti. Mchoma chokaa huyapanga juu ya magogo na kuwasha moto mkali, unaokaribia nyuzi 900 za Selsiasi. Kila gramu 100 za kalisi kaboneti hufyonza takriban kilojuli 178, zikagawanyika kuwa gramu 56 za chokaa isiyozimwa na gramu 44 za kaboni dayoksaidi inayopaa. Huu ni mmenyuko wa kufyonza joto. Moto ukififia mapema, kiini cha jiwe hubaki kibichi.

Kisha chokaa huzimwa kwa maji. Hapa mambo hugeuka: gramu zile 56 hutoa takriban kilojuli 65, joto linaloweza kufikisha gramu 200 za maji ya kawaida kwenye kiwango cha kuchemka. Ndiyo sababu shimo la chokaa hutokota bila kuni. Baadaye, ukutani, chokaa huvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, hurudi kuwa kalisi kaboneti na kutoa kilojuli 113 nyingine, polepole mno hata kiganja hakihisi.

Jumlisha 65 na 113: unapata 178. Joto lote ambalo jiwe lilifyonza motoni limerudi, bila kupungua. Germain Hess, mkemia mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi Urusi, aliitangaza kanuni hii mwaka 1840: jumla ya joto la mmenyuko hutegemea mwanzo na mwisho wake, si njia iliyopitiwa.

Elimu hii ni kinga pia. Anayezima chokaa asimwagie maji kidogo juu ya rundo, kwani huchemka ghafla na kuruka. Aitie chokaa kidogo kidogo katika maji mengi, macho yakiwa yamekingwa. Joto linalounguza hapo ni sehemu ya lile lililotoka kwenye magogo.

Sehemu ya tatu itajibu swali jingine: ikiwa kuni hutoa joto zikiungua, kwa nini haziwaki mpaka ziwashwe?