Gobore na Mkataba wa Brussels

Ikitajwa biashara ya silaha duniani, wengi hufikiria makombora na ndege za kivita. Kwetu Ufipa, kuanzia Sumbawanga hadi Msanzi na Matai, silaha inayosikika zaidi wakati wa msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari ni gobore, bunduki ya kushindilia baruti mdomoni. Nalo lina ukoo mrefu katika siasa za kimataifa.

Kuanzia miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yaliachana na bunduki za kushindilia baruti mdomoni yakachukua za kujazwa risasi nyuma. Maghala yakajaa silaha kuukuu, wafanyabiashara wakazinunua kwa bei ya chee na kuzileta Zanzibar. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Zilipanda na misafara. Kilichorudi pwani kilikuwa pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Kusini mwa Ziwa Tanganyika nguvu ya bunduki ilikwisha kuonekana tangu 1867, mfanyabiashara wa pembe na watumwa Tippu Tip alipomwangusha Nsama, mtawala wa Itabwa aliyeogopwa na majirani.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Brussels mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa, nao ukagusa silaha kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Ufipa yote imo. Bunduki za kisasa zikapigwa marufuku, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na watu wachache wenye vibali. Gumegume, aina ya gobore lenye mtutu laini, likaachwa liuzwe chini ya usimamizi. Utumwa ulihitaji kukomeshwa, hilo halina ubishi. Ila mkataba huo huo ulimwachia mwenyeji silaha ya babu yake, na bunduki mpya zikabaki kwa waliokuwa wakija kumtawala.

Ilipofika Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika walipewa bunduki za kisasa kwa maelfu, mradi wapigane chini ya bendera ya mwingine. Jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, Mbala ya leo, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasesya. Mwaka uliofuata ukaandikwa mkataba mwingine, wa Saint-Germain, wa kudhibiti uuzaji wenyewe wa silaha. Marekani ilikataa kuuridhia. Wauzaji wengine nao hawakutaka kufungwa mikono peke yao.

Mkataba wa biashara ya silaha wa Umoja wa Mataifa wa 2013, ulioanza kutumika Desemba 2014, umefika mbali zaidi: nchi inayouza lazima ipime kwanza kama silaha zake zitatumika kuua raia, na ikijua hivyo isiuze. Lakini anayepima ni muuzaji mwenyewe. Marekani, ambayo kwa hesabu za taasisi ya utafiti wa amani ya SIPRI ilitoa asilimia 43 ya silaha kubwa zilizouzwa nje kati ya 2020 na 2024, ilitia saini bila kuridhia. Urusi haikutia hata saini.