Je, Wajua? Uwanja wa Bayi haupo tena

Rekodi ya dunia ya mita 1,500 iliwahi kushikwa na kijana wa Karatu, Tanzania, kwa zaidi ya miaka mitano. Uwanja alioiwekea umeshabomolewa!

Ulikuwa Queen Elizabeth II Park, mjini Christchurch, New Zealand, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1974. Februari 2 mwaka huo, Filbert Bayi, mwenye miaka 20, alichomoka bastola ilipolia. Hakungoja mtu. Hakuna aliyempita hadi utepe: dakika 3, sekunde 32.2.

John Walker, mwenyeji, alimfukuza hadi hatua ya mwisho. Naye aliivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun, lakini akaambulia medali ya fedha. Mkenya Ben Jipcho alikuwa wa tatu. Mbio tamu kuliko hizo sizijui.

Rekodi ya Bayi ilidumu hadi Agosti 1979, Sebastian Coe alipoipunguza kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde.

Tetemeko la ardhi la Februari 2011 liliuharibu uwanja vibaya, ukabomolewa. Leo, kwenye eneo hilo, kuna shule mbili za sekondari na mabwawa ya kuogelea.