Vidole Viwili Tu, Kazi Imekwisha!

MPENZI msomaji, hebu niambie ukweli. Ukitaka kuhamisha aya moja ya barua kutoka juu kwenda chini, huwa unafanyaje? Unaishika mausi, unaiburuta, unapanda kwenye menyu, unatafuta, unabofya, unashuka tena. Ukikosea kidogo, unaanza upya. Mpaka jioni kiganja kinauma, shingo imekaza, na barua ya ukurasa mmoja imekula saa nzima.

Pembeni yako kuna mwenzako ambaye mausi haishiki kabisa. Vidole vinagusa hapa, vinagusa pale, chapchap, kazi imekwisha na yeye anakunywa chai. Usidhani amekwenda kwa mganga. Anazijua njia za mkato za kibodi, basi.

Wiki hii tuziongelee njia hizo, pamoja na kile kistari kirefu ambacho wapo watu wametumia kompyuta miaka 10 na hawajui kinatokea wapi. Wala usiuchukulie huu kuwa mchezo wa watoto. Kwenye usaili wa ukarani au ukatibu muhtasi unapewa karatasi na dakika zako, na ukiisha muda hakuna atakayekuonea huruma eti ulikuwa bado unatafuta menyu. Na mwenye steshenari anajua vizuri: mteja aliyesimama mlangoni na flashi yake mkononi hangoji. Akiona unababaika, anavuka barabara kwa jirani.

NAMBA MOJA: CTRL+S

Kama leo utajifunza kitu kimoja tu, basi kiwe hiki. Shikilia kitufe cha Ctrl, kile kilicho pembeni kabisa chini kushoto, kisha gusa S. Kazi imehifadhiwa. Mara ya kwanza kompyuta itakuuliza jina la faili. Baada ya hapo haiulizi tena.

Sisi tunaoishi na umeme wa kukatika hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukienda, kila ulichoandika tangu uliposevu mara ya mwisho kinaweza kwenda nao. Ni kweli siku hizi programu nyingine zinajihifadhia zenyewe, hasa faili likiwa limewekwa kwenye intaneti, lakini usilale usingizi kwa kumtegemea mlinzi wa jirani. Kila ukimaliza aya, Ctrl+S. Simu ikiita, Ctrl+S. Ukitaka kwenda msalani, Ctrl+S. Fanya mpaka kidole kiende chenyewe bila kuambiwa.

NDUGU WANNE WA MSTARI WA CHINI

Sasa tazama kibodi yako, mstari wa chini wa herufi, upande wa kushoto. Utaziona Z, X, C na V zimejipanga kama ndugu wa tumbo moja. Ukiwa umeshikilia Ctrl, C inakopi, X inakata, V inabandika, na Z inafuta kosa ulilolifanya sasa hivi na kurudisha mambo yalivyokuwa.

Hawa ndugu wana historia. Miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha Xerox kule California, Marekani, kulikuwa na mtaalamu aitwaye Larry Tesler. Yeye na mwenzake Tim Mott walitengeneza programu ya kuandikia iliyoitwa Gypsy, na humo ndimo mtindo huu wa kukata, kukopi na kubandika ulipokomaa. Mwaka 1980 Tesler alihamia kampuni ya Apple, na huko ndiko herufi hizo nne zilikopewa kazi zake. Ziko karibu karibu, mkono wa kushoto unazifikia bila taabu, na X ukiitazama vizuri inafanana na mkasi uliofunguliwa. Tesler alifariki Februari 2020, lakini sina shaka hakuna ofisi hapa mjini ambayo leo haijatumia kazi yake.

Kati ya wanne hao, mwokozi wa kweli ni Z. Mfano halisi: umeshikilia Ctrl ukagusa A, maandishi yote yakachaguliwa. Kabla hujafanya lolote, kidole kikateleza kwenye herufi nyingine. Lahaula! Kurasa 40 zimetoweka, imebaki herufi moja inakukodolea macho. Wengi hapa hushika kichwa, na wengine kwa kiwewe hufunga faili. Usifunge! Ctrl+Z, na kurasa zote zinarudi kama zilivyokuwa. Ukiwa umerudi nyuma kupita kiasi, Ctrl+Y inakupeleka mbele tena.

Z hiyo hiyo ni dawa ya ule ujuaji wa Word. Unaandika "taz. ukurasa wa pili", yenyewe inaona nukta inadhani sentensi imekwisha, inaweka "Ukurasa" kwa herufi kubwa. Papo hapo gusa Ctrl+Z mara moja: maneno yako yanabaki, ujuaji unaondoka.

KIMBEMBE CHA KISTARI

Tukija kwenye kistari, hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kile kilicho karibu na sifuri kwenye kibodi ni kistari kifupi. Kazi yake ni kuunganisha maneno, kama isimu-jamii, au kukata neno linapofika mwisho wa mstari. Lakini vipo vingine viwili ambavyo havikuchorwa kwenye kibodi. Kimoja ni cha kati, upana wake unakaribia wa herufi N, na hutumika kuonyesha kuanzia hapa mpaka pale, kama 1961–1964. Kingine ni kirefu zaidi, kama upana wa M, nacho huingiza maelezo katikati ya sentensi — hivi — kisha sentensi ikaendelea na safari yake.

Kwa nini havipo kwenye kibodi? Lawama apewe babu yetu tapureta. Mashine ya Sholes na Glidden, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1874 kupitia kampuni ya Remington, ndiyo iliyotupa mpangilio wa herufi tunaoutumia mpaka leo. Nafasi ya vitufe ilikuwa ndogo, kila herufi na chuma chake, kwa hiyo tapureta zilibaki na kistari kimoja. Aliyetaka kirefu aligonga viwili vifuatane, na waliofundishwa kwenye mashine hizo wanafanya hivyo mpaka leo. Hata jina la kitufe cha Shift limetoka huko: kwenye tapureta, ukikibonyeza, kitu kilikuwa kinahama kweli kweli ili herufi kubwa ndiyo igonge karatasi.

Njia za kukipata kistari ni hizi:

Ukiwa kwenye Word, andika neno, gonga vistari viwili bila kuacha nafasi, andika neno linalofuata kisha acha nafasi. Word yenyewe itaviunganisha viwe kistari kirefu. Ukiacha nafasi, ukaweka kistari kimoja, ukaacha nafasi tena na kuandika neno, utapata cha kati.

Kama kibodi yako ina ule uwanja wa namba upande wa kulia, ni kiulaini zaidi. Ndani ya Word shikilia Ctrl na gusa alama ya kutoa iliyo kwenye uwanja huo: unapata cha kati. Ukishikilia Ctrl na Alt kwa pamoja, unapata kirefu.

Nje ya Word, kwenye Windows, hakikisha Num Lock imewashwa. Shikilia Alt, andika 0150 kwenye uwanja wa namba, achia. Hicho ni cha kati. Kirefu ni 0151.

Laptopu haina uwanja wa namba? Usikate tamaa. Kwenye Word acha nafasi, andika 2014, kisha gusa Alt+X, na namba itageuka kuwa kistari kirefu. Cha kati ni 2013. Hiyo nafasi ya mwanzo usiisahau, maana ukiibandika 2013 moja kwa moja kwenye mwaka, kompyuta itachanganya namba zote na kukuletea kituko. Kistari kikishatokea, futa nafasi.

Wenye Mac hawana makuu: Option na kistari ni cha kati, na ukiongeza Shift ni kirefu. Zile za Ctrl tulizotaja juu, wao wanatumia Command. Na wewe unayeandikia simu, kiguse kistari na ukishikilie kidogo. Kwenye simu nyingi vile virefu vitachomoza vyenyewe.

KISTARI KILIPOANGUSHA CHOMBO

Ukiona nakuza mambo, sikiliza hii. Tarehe 22 Julai 1962 Marekani ilirusha chombo cha Mariner 1 kiende kuichunguza sayari ya Zuhura. Haikupita hata dakika 5, roketi ikapoteza mwelekeo. Ofisa wa usalama hakuwa na la kufanya ila kuilipua, sekunde 293 tangu ilipoondoka. Ripoti za wakati ule zilitaja kistari kilichosahaulika kwenye maelekezo ya kompyuta. Wengine wakaja kueleza kuwa kilichoachwa ni kimstari kinachokaa juu ya herufi katika hesabu za kuongozea roketi. Vyovyote iwavyo, kialama kidogo kuliko unyayo wa sisimizi kilihusishwa na hasara ya mamilioni ya dola.

Kwako wewe hasara itakuja kwa njia nyingine. Namba ya kitambulisho cha Taifa, ile ya NIDA, huandikwa ikiwa imegawanywa kwa vistari vifupi. Ukiipitisha kwenye Word, ikakugeuzia kimoja kuwa kirefu, kisha ukaibandika kwenye fomu ya maombi ya kazi, kwa macho utaona ni ile ile. Kompyuta haioni hivyo. Kwake hizo ni alama mbili tofauti, na inaweza kukukatalia bila kukupa sababu. Utalaumu mtandao bure! Kwa hiyo kumbuka: barua na vitabu vipewe kistari kirefu, namba, nywila na fomu vipewe kile kifupi cha kwenye kibodi.

Excel nayo ina visa vyake. Mwalimu anaandika umri wa watoto, 5-10, anashangaa imekuwa tarehe. Anafuta, anaandika tena, tarehe inarudi. Dawa yake ni kutanguliza alama ya ritifaa, ile ya kwenye neno ng'ombe, kisha andika 5-10. Itatulia.

NYINGINE ZA KUTEMBEA NAZO

Ctrl+F inatafuta neno popote lilipo kwenye waraka. Ctrl+P inakupeleka kwenye kuprinti. Alt+Tab inakuhamisha kutoka dirisha moja kwenda jingine. Ctrl+Shift+T inaurudisha ukurasa wa intaneti ulioufunga kwa bahati mbaya.

Ctrl+H kwenye Word inabadilisha neno moja kuwa jingine waraka mzima. Lakini hii ina meno. Ukiiambia ibadilishe kila "Ali" iwe "Juma" bila kuweka tiki kwenye sehemu inayotaka neno zima, utashtukia "alikuwa" imekuwa "Jumakuwa", na mkataba wa watu umegeuka kichekesho.

Kompyuta ikiganda, wapo wanaokimbilia kuchomoa waya ukutani. Taratibu, ndugu. Gusa Ctrl+Shift+Esc, utaona orodha ya programu zinazofanya kazi, uifunge ile iliyokwama. Zamani watu walijua Ctrl+Alt+Del tu. Hiyo ilibuniwa na mhandisi David Bradley wa IBM, katika kikosi kilichotengeneza kompyuta ya IBM PC iliyotoka mwaka 1981. Ilikuwa inaiwasha mashine upya, ndiyo maana vitufe vyake viliwekwa mbali mbali, mtu asije akavigusa kwa bahati mbaya. Bradley mwenyewe aliwahi kutania mbele ya Bill Gates kwamba yeye aliibuni tu, aliyeipa umaarufu ni Bill.

Na ya mwisho, tafadhali isikutoke: kile kitufe chenye picha ya dirisha pamoja na L. Kinafunga skrini papo hapo mpaka iwekwe nywila. Ukiinuka mezani ukaacha barua pepe yako wazi, mwenye nia mbaya hahitaji hata dakika mbili kuandika jambo kwa jina lako. Utaanzaje kujitetea?

USIZIBEBE ZOTE KWA MPIGO

Najua wengine mnasema, "Hizi zote nitazikumbuka vipi?" Huna haja. Chagua moja, iandike kwenye kikaratasi, kibandike pembeni ya skrini, uitumie wiki nzima hata kama mwanzoni mausi inakuita. Wiki inayofuata ongeza nyingine. Mpaka mwezi uishe una nne, na nne zinatosha kabisa kumfanya bosi ageuze shingo.

Na wewe uliyekwisha kuzijua, usizikalie kama siri ya ukoo. Mwonyeshe dada wa mapokezi, mwonyeshe mdogo wako anayetafuta kazi. Ujuzi wa vidole viwili hauna karo wala hauhitaji cheti, na ukimgawia mwenzako wa kwako haupungui.

Haya, tukutane wiki ijayo. Ila kabla hujaliweka gazeti pembeni, ile kazi uliyoiacha wazi kwenye kompyuta umeisevu?