Mwanamaji Hulipwa Nini, na Yeye Hulipa Nini?

Sogeeni, wajukuu zangu. Kila Sikukuu ya Jamhuri wanapopita wanamaji kwenye gwaride na sare zao nyeupe, nawaona mnavyokodoa macho. Leo nawasimulia kazi yenyewe, sare ikishatundikwa.

Jioni ya Jumapili, Septemba 29, 2019, gari lilirudi kinyumenyume likaporomoka kutoka kwenye feri katika kivuko cha Likoni, Mombasa. Ndani mlikuwa na mama na binti yake mdogo. Ukikitazama kivuko kile juu utadhani maji yametulia, kumbe chini yanakimbia: yakijaa na yakipwa, maji ya bandari ya Kilindini hupitia mlango ule ule, na wakati wa bamvua mkondo huzidi ukali. Gari lilikuwa limelala gizani, mita 58 chini.

Miongoni mwa walioshuka kulitafuta walikuwa wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, jeshi lililoundwa Desemba 12, 1964, na ambalo kambi yake ya Mtongwe iko upande huo huo wa Likoni. Sasa sikilizeni ugumu wake. Hewa iliyo juu yetu hutukandamiza kila siku, ila tumezoea. Ukizama mita 10, mkandamizo unakuwa mara mbili, na kila mita 10 nyingine unaongezeka kwa kiasi kile kile. Kwenye mita 58 unakaribia mara 7. Hapo naitrojeni iliyomo katika hewa unayovuta hujipenyeza kwenye damu. Ukipanda kwa pupa, hutoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo yanaweza kukupoozesha au kukuua. Ndiyo maana mpiga mbizi aliyekaa chini dakika chache tu hupanda taratibu, akisimama hatua kwa hatua majini. Hata awe amechoka na baridi imemwingia, haraka hana ruhusa nayo.

Gari lilitolewa Oktoba 11, na jamaa wakapata kuwazika wapendwa wao. Ujuzi wa kuzama hivyo wanao wachache nchini, na mwenye nao hatembei akijiuliza kazi yake ina maana gani. Hayo ni malipo ya kwanza.

Lakini si wanamaji wote walio wapiga mbizi. Manowari ikishang'oa nanga hujitegemea: mabaharia wake huzalisha umeme wenyewe, na ikishika moto hakuna zimamoto wa kupigiwa simu. Kwa hiyo mna fundi umeme, fundi injini, mtu wa rada, muuguzi na mpishi, na kila mmoja, hata huyo mpishi, amefundishwa kuzima moto na kuziba tundu linalovuja. Kijana aliyeingia na cheti cha kidato cha nne anaweza kutoka na ufundi kamili, huku amesomeshwa na kutibiwa na jeshi, na mshahara wake haujakatika.

Upande wa pili ndio huu. Meli hailali, basi watu hulala kwa zamu, kwenye vitanda vyembamba vilivyopandana. Kusi ikivuma, meli ndogo ya doria hupanda na kushuka mpaka mzaliwa wa Lamu naye anatapika. Mtandao wa simu hakuna, na hata ungekuwepo, huenda usiruhusiwe kumwambia mwenzako uko wapi. Mtoto huzaliwa na mzazi huzikwa wewe uko safarini, kwani chombo hakigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja.

Tena hili ni jeshi. Septemba 28, 2012, kabla ya jua kuchomoza, meli za wanamaji hawa ziliwashusha askari wa Kenya ufukweni Kismayu, Somalia, kwenda kuutwaa mji kutoka kwa wapiganaji wa Al-Shabaab. Anayejiandikisha kwa tamaa ya kuona nchi za watu hajajua anachotia sahihi.

Nami nasema hivi: raha na adha za kazi hii hazitengani. Ufundi huiva upesi kwa kuwa hakuna jirani wa kukimbilia, na wenzako huwa ndugu kwa kuwa mmebanana miezi. Ukiondoa dhiki, faida nazo zinaondoka.

Basi wewe unayeitaka, mvulana kwa msichana, kazana na hesabu na fizikia, na ujifunze kuogelea. Siku ya kuandikishwa usimpe mtu hata senti; nafasi haziuzwi, na anayeziuza ni tapeli. Lakini kwanza mtafute mke au mume wa mwanamaji, umwulize nyumba inaendaje mwenzake akiwa baharini. Wanamaji watakusimulia mawimbi. Aliyebaki nyumbani atakusimulia karo, na homa ya mtoto usiku wa manane. Ukishayasikia yote mawili na bado unaitaka, nenda, nami nitakuombea dua.